Fiksa ya kukazia inapoleta matatizo: dalili na visababishi kwa wanaosafisha picha nyeusi na nyeupe Dodoma

Mkanda ukitoka kwenye maji huku emalsheni (tabaka la jelatini linalobeba picha) imelegea na kuchubuka pembeni, wazo la kwanza la mafundi wengi ni kuongeza shabu kwenye fiksa, dawa inayoidumisha picha. Fiksa ikigeuka maziwa, shabu tena. Picha ikinata wakati wa kukauka, shabu. Mwongozo huu unapinga tabia hiyo. Shabu ndani ya fiksa ina kazi moja, kukaza jelatini, na huifanya ndani ya mipaka finyu ya uchachu. Ukitoka nje ya mipaka hiyo, hata uongeze kiasi gani hutapata kitu zaidi ya mashapo. Ndiyo maana karibu kila dalili iliyoelezwa hapa inaturudisha kwenye maswali mawili: joto la maji ni kiasi gani, na uchachu wa fiksa ni kiasi gani?

Kwa hiyo kabla ya kugusa kemikali yoyote, tafuta kipimajoto na karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umepanda. Dodoma ni mji wa zabibu, na wanaotengeneza mvinyo hupima uchachu wa juisi yao kila msimu, hivyo mtu wa kukuelekeza zinakopatikana karatasi hizo hayuko mbali. Chagua zinazosoma vizuri kati ya 3 na 7. Karatasi ya litmasi ya shuleni, inayosema nyekundu au buluu tu, haitoshi.

Fiksa nzima inavyopaswa kuwa

Ili ujue kilichoharibika, lazima kwanza ujue kizima kikoje. Fomula ya Kodak F-5, ambayo imetumika miaka mingi kama kipimo cha fiksa ya kukazia, kwa lita moja ina sodiamu thayosalfeti ya chembechembe gramu 240 (ile ya unga mkavu usio na maji ni gramu 153), sodiamu salfaiti kavu gramu 15, asidi ya asetiki ya asilimia 28 mililita 48, asidi ya boriki gramu 7.5 na shabu ya potasiamu gramu 15. Huanza na maji mililita 600 ya joto la nyuzi 50 hivi.

Mpangilio huo una maana yake. Thayosalfeti ndiyo inayoyeyusha chumvi za fedha ambazo developa (dawa inayoitokeza picha) haikuzigusa. Asidi ikikutana nayo peke yake huivunja na kutoa salfa. Salfaiti ndiyo mlinzi wake, kwa hiyo huwekwa kabla ya asidi. Asidi ya boriki huongeza uvumilivu wa fiksa, ili developa inayobebwa na mkanda isiivuruge upesi. Shabu huja mwisho kabisa, ikiwa imeyeyushwa pembeni kwenye maji ya moto kidogo na kuachwa ipoe. Kila kitu kiyeyuke kabisa kabla ya kinachofuata kuwekwa.

Asidi ya asetiki ya maabara ikikosekana, siki nyeupe ya asilimia 5 inafaa: mililita 270 hivi badala ya zile 48. Ukifanya hivyo punguza maji ya kuanzia, tumia mililita 400 tu, na 100 nyingine za kuyeyushia shabu, la sivyo utapita lita kabla hujamaliza. Siki iwe nyeupe isiyo na rangi. Shabu ya sokoni, ile ya mapande inayotumiwa kutuliza maji na kupaka baada ya kunyoa, hufanya kazi ikiwa ni safi na inang'aa kama kioo. Itwange. Usitumie shabu iliyokaangwa hadi ikawa nyeupe na nyepesi. Imepoteza maji yake, inayeyuka kwa shida, na vipimo vyote vitapotea.

Fiksa iliyotengenezwa sawasawa ni angavu, ina harufu ya siki, na pH yake ni kati ya 4 na 5. Iandike kwenye dumu siku ya kwanza. Namba hiyo ndiyo utakayolinganisha nayo kila kitu baadaye.

Emalsheni inalegea, inachubuka au inainuka pembeni

Hii ndiyo dalili ya Oktoba na Novemba, miezi ambayo mchana wa Dodoma hufika nyuzi 30 na kuzidi, na maji ya tenki la juu ya paa hutoka bombani yakiwa na joto lililo juu ya lile la chumba. Jelatini hunywa maji na kuvimba, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo inavyovimba na kulainika. Mikanda mingi ya leo hukazwa kiwandani, kwa hiyo huvumilia. Mingine, kama Fomapan ya Jamhuri ya Cheki, hubaki laini ikilowa, na ukucha mmoja unatosha kuiharibu.

Swali la kuuliza kwanza ni hili: imelegea kwenye beseni lipi? Fiksa ya kukazia haiwezi kuokoa kilichoharibika kabla mkanda haujaifikia. Kama ukingo umeanza kuinuka ndani ya developa, usiilaumu fiksa hata kidogo. Dawa iko huko nyuma. Poza developa, au kama haiwezekani, ongeza sodiamu salfeti kavu gramu 45 kwa lita ya developa ili jelatini isivimbe sana. Jihadhari, salfeti siyo salfaiti. Ukikosea hapo utabadilisha developa yenyewe. Muda wa kusafisha utahitaji kuongezeka, kwa sababu developa inaingia polepole kwenye jelatini isiyovimba. Jaribu kwa kipande kwanza.

Baada ya developa, badala ya stopu (dawa ya kuisimamisha developa) ya siki, tumia stopu ya shabu ya kromu: gramu 30 za shabu ya kromu na gramu 60 za sodiamu salfeti kavu kwa lita, mkanda ukae dakika 3, na utikise mfululizo mwanzoni ili usipate michirizi. Ikiwa mpya ina rangi ya zambarau inayoelekea buluu. Ikigeuka njano-kijani imechoka, haikazi tena, imwage. Kwa mtu anayelazimika kusafisha mkanda katikati ya joto, hii ina nguvu kuliko fiksa yoyote ya kukazia, na nashangaa ni wachache tu wanaoitumia.

Kama mkanda umepita developa na stopu salama na kulegea ndani ya fiksa au wakati wa kuosha, sasa ichunguze fiksa. Chovya karatasi ya pH. Ikisoma juu ya 5.5, umepata jibu: developa iliyobebwa na mikanda iliyotangulia imeua asidi, na alumini ya kwenye shabu haishikamani tena na jelatini. Hali hii huwapata zaidi wanaoruka stopu na kutoka developa moja kwa moja hadi fiksa. Ikisoma 4 hadi 5, tazama muda. Mkanda huonekana angavu mapema, na fundi huutoa akidhani kazi imekwisha, lakini kukaza huchukua muda mrefu kuliko mkanda kuwa angavu. Katika F-5 uache dakika 5 hadi 10.

Kuna sababu nyingine ambayo kipimo cha pH hakitaionyesha. Fiksa za haraka za amoniamu thayosalfeti nyingi huja katika chupa mbili, A na B. Hiyo B ndiyo kikazio, na ni rahisi kuiacha, ama kwa makusudi ama kwa sababu chupa ilipotea dukani. Hapo huna fiksa ya kukazia. Una fiksa ya kawaida tu.

Vipi kuhusu kupoza maji bila umeme wa uhakika? Mtungi wa udongo. Hewa ya Dodoma ni kavu miezi hiyo ya joto kabla ya mvua, maji yanayopenya kwenye udongo hugeuka mvuke haraka na kupoza yaliyobaki ndani. Dar es Salaam mtungi huohuo hauna msaada mkubwa hivyo, kwa sababu hewa tayari imejaa unyevu. Teka maji jioni, uweke penye upepo na kivuli, na usafishe alfajiri. Barafu nayo inafaa ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, ukiuzamisha kwenye beseni la nje linalozunguka chombo chako, wala si ndani ya kemikali.

Makunyanzi madogomadogo mkanda mzima

Ukiangalia negativu kwa lenzi na kuona mtandao kama ngozi ya mjusi, tatizo ni kuruka kwa joto: developa ya nyuzi 20, kisha maji ya kuosha ya nyuzi 31. Jelatini iliyovimba imeshtuka. Haitengenezeki. Kwa mkanda unaofuata, weka mabeseni yote na maji ya kuosha ndani ya tofauti ya nyuzi 2 au 3. Ni afadhali vyote viwe nyuzi 26 na upunguze muda wa developa, kuliko kimoja kiwe 20 na kingine 30.

Fiksa imegeuka maziwa

Hapa watu wengi huchanganya magonjwa mawili ambayo visababishi vyake ni kinyume. Usiongeze kitu chochote kabla hujajua ni lipi.

La kwanza ni salfa. Fiksa inakuwa nyeupe inayoelekea njano, harufu yake ni kali ya kiberiti, na ukiiacha usiku kucha unga wa njano hafifu hutuama chini. Hii ni asidi kuzidi au joto kuzidi. Pengine asidi iliwekwa kabla ya salfaiti, au fiksa ilikuwa bado ya moto. Pengine kikazio cha chupa B kilimiminwa kwenye A kabla A haijaongezwa maji. Hilo huvunja thayosalfeti hapohapo. B humiminwa polepole, ikikorogwa, ndani ya A iliyokwisha kuzimuliwa. Au dumu lilikaa kwenye stoo ya mabati mwezi wa Novemba. Yupo pia anayetupa shabu peke yake kwenye thayosalfeti tupu isiyo na salfaiti wala asidi ya boriki, akidhani ametengeneza fiksa ya kukazia. Shabu yenyewe ni chachu vya kutosha kuanza uharibifu. Fiksa yenye salfa haina tiba. Ukiendelea kuitumia, salfa hiyo itabaki ndani ya karatasi na kuila picha.

La pili ni alumini. Mashapo ni meupe, mepesi, kama ute, bila harufu ya kiberiti, na pH imepanda. Fiksa ilikuwa angavu wiki iliyopita, na imeanza kuchafuka baada ya mikanda kadhaa. Hii ni developa iliyobebwa. Kama fiksa haijatumika sana, matone ya asidi ya asetiki iliyozimuliwa, yakikorogwa hadi pH irudi karibu na 4.5, huweza kuizuia isiendelee kuharibika. Lakini mashapo yaliyokwisha kutokea usitegemee yayeyuke yote, chuja kwa kitambaa kizito. Kama imetumika sana, imwage tu, kwa sababu hata uwezo wake wa kuyeyusha fedha umepungua. Na kuanzia hapo tumia stopu, sekunde 30 tu.

Nikisikia mtu ameweka shabu kwenye fiksa ya aina ya kati au ya alkali, zile zisizo na harufu ya siki, najua tayari atakuwa na mashapo haya. Fiksa hizo hazikuundwa kubeba alumini.

Utando mweupe juu ya mkanda uliokauka

Unaweza kuwa mashapo ya alumini yaliyogandia, na unaweza kuwa chokaa ya maji. Maji ya visima vya Dodoma yamebeba madini, na kila mwenye birika anayaona kwenye sakafu yake. Kata kipande kisicho na picha, mwanzoni mwa mkanda, na udondoshee tone la siki nyeupe iliyozimuliwa. Utando ukitoweka, ni chokaa. Loweka mkanda dakika 2 kwenye maji yenye siki kidogo, kisha suuza kwa maji laini. Usipotoweka, shuku alumini. Mkanda ukiwa bado umelowa, utando wa alumini hutoka kwa pamba iliyolowa ukifuta taratibu. Ukishakauka ni kazi ngumu: alkali huuachia, lakini alkali hiyohiyo hulegeza jelatini uliyoikaza, kwa sababu kukaza kwa shabu hurudi nyuma ndani ya alkali. Kwa hiyo usijaribu magadi kwenye negativu unayoipenda.

Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, kinga maji ya paa baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la mabati, yachuje, na uyaweke kwenye madumu yaliyofungwa. Yanatosha kuchanganyia kemikali na kusuuza mara ya mwisho kwa muda mrefu wa kiangazi.

Mkanda una ukungu wa maziwa au wekundu

Haujaiva kwenye fiksa. Rudisha kwenye fiksa mpya, hata ukiwa umeshafungua taa, hakuna kitakachopotea. Ili usibahatishe, chukua kipande cha mkanda ambao haujasafishwa, kitupe kwenye fiksa mchana kweupe na uhesabu hadi kiwe angavu. Muda huo mara mbili ndio muda wa mkanda wako. Siku kipande kitakapochukua mara mbili ya muda wa fiksa mpya, fiksa hiyo imekwisha. Mikanda ya T-Max na Delta huichosha fiksa mapema kuliko ya zamani, na rangi ya waridi inayobaki mara nyingi ni ishara ya muda kutotosha. Usiku wa Juni na Julai, maji yakishuka chini ya nyuzi 18, kila kitu huchelewa, kusafisha na kukaza pia.

Fiksa ya eksirei

Baadhi yetu hupata fiksa kutoka kwa wauzaji wa vifaa vya hospitali. Inafaa, ila kumbuka karibu zote za mashine zina kikazio ndani na zina nguvu ya fiksa ya haraka. Kwa mkanda ni nzuri. Kwa karatasi iangalie sana: picha ikiachwa humo muda mrefu, asidi na thayosalfeti hiyo kali huanza kula fedha nyembamba ya sehemu zenye mwanga, na mawingu uliyoyapata kwa shida yanafutika.

Picha inageuka njano au kahawia baada ya miezi

Sababu ni thayosalfeti iliyobaki kwenye karatasi. Fiksa ya kukazia huchangia moja kwa moja, kwa sababu jelatini iliyokazwa kwa shabu hushika thayosalfeti kwa nguvu zaidi na huiachia polepole, hasa fiksa ikiwa chachu sana. Karatasi ya plastiki husamehe. Karatasi ya nyuzi haisamehi.

Hapa salfaiti inarudi tena, mara hii ikiwa peke yake. Gramu 20 kwa lita ya maji, picha ziloweke dakika 10 baada ya kusuuzwa mara moja, kisha zioshwe. Inatoa thayosalfeti haraka, na hupunguza muda wa kuosha sana. Katika mji ambao maji hufunguliwa kwa zamu, hilo si jambo dogo. Wala huhitaji bomba likitiririka saa nzima. Jaza beseni, tikisa dakika 5, mwaga yote, jaza tena, mara 8 au 10. Maji yanayotuama na picha zilizolaliana hayaoshi.

Jambo moja linalowashangaza wengi: maji ya kisima yenye chumvi kidogo huosha thayosalfeti vizuri kuliko maji laini, kama ilivyo kwa maji ya bahari. Yatumie kwa mabeseni ya mwanzo bila wasiwasi, mradi ya mwisho yawe laini, chumvi isibaki.

Kujua kama zimetakata, tengeneza maji ya zambarau hafifu kwa chembe ya pamanganeti ya duka la dawa. Gawa kwenye glasi mbili. Moja idondoshee maji yanayochuruzika kutoka kwenye picha, nyingine kiasi hichohicho cha maji ya bomba. Ile ya picha ikibadilika kuwa ya machungwa au njano haraka kuliko ya bomba, endelea kuosha.

Vumbi limenasa, au picha inapasuka ikikunjwa

Vumbi lililozama ndani ya emalsheni ni la mkanda ulioanikwa ukiwa laini siku ya upepo. Kukaza husaidia, kufunga dirisha husaidia zaidi. Picha inayopasuka pembeni imekazwa kupita kiasi na kukaushwa haraka kwenye hewa kavu ya kiangazi. Kausha polepole chini ya shuka.

Wino wa kuziba madoa haushiki, tona inashika kwa mabaka

Jelatini imefungwa, haiingizi. Kwa karatasi naamini msimamo ulio salama ni kutotumia kikazio kabisa: hakuna anayekwaruza karatasi ndani ya tangi, na unachopoteza kwenye kuosha, kuziba madoa na kutia tona (dawa ya kubadili rangi ya picha) ni kikubwa kuliko unachopata. Weka madumu mawili, moja la fiksa ya kukazia limeandikwa MKANDA, jingine la fiksa bila shabu limeandikwa KARATASI, na usiyachanganye. Kwa picha iliyokwisha kukazwa, iloweke kwenye maji yenye alkali hafifu sana, gramu 5 za sodiamu kaboneti kwa lita, dakika chache, uioshe vizuri, kisha ujaribu wino tena ukiwa mwangalifu na uso wake, maana sasa ni laini. Tona ya seleniamu isitiwe kwenye picha iliyotoka moja kwa moja kwenye fiksa ya kukazia, italeta madoa. Ipitishe kwanza kwenye fiksa isiyo na shabu, kisha salfaiti, kisha maji.